Ghorofa la Deogratias na Kitanda cha Mninga

Uji ulitoka jikoni unachemka, ukafika kwa Kasimiri umeganda, na Kasimiri akalaumu uji. Hilo lilimuuma Dafrosa kuliko hata magoti yake.

"Mama Deo!" sauti ilishuka kwenye ngazi. "Huu uji umelala!"

"Haukulala, umechoka kupanda! Shuka uufuate!"

"Nikishuka, mizinga ataiangalia nani?"

Mizinga yenyewe ya nyuki ilikuwa Ugalla, porini kabisa, mahali ambapo hata simu inakata tamaa. Lakini Kasimiri aliapa kwamba anaiona yote kutoka roshani ya juu. Juzi tu, alisema, alimwona tembo akijikuna sikio kwenye mti wenye mzinga wake bora, akamfokea, na tembo akaondoka kichwa chini kwa aibu. Majirani walipocheka, akaongeza tembo wa pili.

Nyumba hiyo walijengewa na mtoto wao Deogratias, anayefanya kazi Mwanza. Ilisimama mjini, Makanyagio, nyembamba na ndefu kwenda juu kama kipande cha muwa, imebanwa na nyingine za namna hiyohiyo, ukuta kwa ukuta. Jirani akipiga chafya, Dafrosa ndiye aliyemwambia pole. Jiko lilikuwa chini pamoja na stoo, sebule katikati, vyumba vya kulala juu kabisa. Dafrosa aliamini kwamba aliyeichora nyumba ile hakuwahi hata siku moja kusahau miwani chumba kingine. Maji ya bomba nayo yalikuwa na akili: yalifika jikoni, yakatazama ngazi, yakagoma. Ya kuoga yalipanda kwa ndoo, na ndoo ilipanda na Dafrosa.

Kasimiri, ambaye mwanzoni ndiye aliyekataa kuhama Ugalla akisema binadamu si ndege, sasa hakubanduka huko juu. Hewa safi! Mbuzi haingii! Tope halifiki! "Hata nyoka," aliwaambia wageni, "akiziona hizi ngazi anaahirisha." Na Deogratias akipiga simu kuuliza kama wazazi wanaishi vizuri, Dafrosa alijibu, "Nyumba nzuri sana, baba," huku akijisugua goti kwa mafuta ya kondoo.

Haya yote Dafrosa angeyavumilia, kama isingekuwa siku ya Melkiadi.

Melkiadi aliuza mbegu na mbolea Majengo, na alitaka kumuoa Scolastica, kitinda mimba wao, ambaye sasa alikuwa amefikia umri ambao shangazi zake walimwombea kanisani kwa kumtaja jina. Kijana alikuwa mpole, mchapakazi, hanywi mpaka akapotea njia. Kikwazo kilikuwa kimoja. Baba yake alikwisha fariki, na aliyemlea alikuwa baba mkubwa wake, mzee Maximilian, mkulima wa mpunga kule Usevya, mtu mkubwa wa mwili na mkubwa zaidi wa taratibu. Huyo ndiye angemleta kujitambulisha.

"Baba mkubwa akitoka kwenu amekasirika," Melkiadi alimwambia Scolastica, "mimi siwezi kuoa nyuma ya mgongo wake."

Scolastica naye akamwambia mama yake, "Mama, hii ikivunjika, habari za ndoa msiniulize tena. Namfuata kaka Mwanza, basi."

Kwa hiyo Dafrosa alipika tangu alfajiri. Wali wa Mpimbwe, kuku wa kienyeji, maharage yenye karanga. Na wageni walipobisha hodi, akafanya kama mama mkwe yeyote mwenye adabu: akajibana jikoni, akajifunika khanga, asionane na kijana. Kasimiri alishuka kuwapokea, akawapandisha sebuleni. Dafrosa alibaki akisikiliza. Ngazi zile zilileta kila neno chini, hazikuwa na siri hata kidogo.

"Tumsifu Yesu Kristo!" Hiyo ilikuwa sauti ya Maximilian, inahema.

"Milele, amina! Karibuni, mkwe wangu, kaeni! Poleni na ngazi!"

"Ngazi tumeziona." Kiti kikalia. "Mkwe wangu, hapa juu ya dari kuna nini?"

"Aa, vyumba vya kulala!"

"Hapa, juu ya kichwa changu hasa?"

Dafrosa akafumba macho. Sema stoo, baba Deo. Sema kuna magunia.

"Hapo ni chumba chetu mimi na mama Deo," Kasimiri alisema kwa majivuno yote ya Ugalla. "Na kitanda ndipo kilipo. Cha mninga! Nilikichonga mwenyewe, hakina msumari hata mmoja. Nyuki walikuja kukinusa wakadhani ni mzinga wa mfalme."

Kiti kililia tena, safari hii kwa kuachwa ghafla.

"Melki! Simama!"

"Kuna nini, mkwe?"

"Sisi kwetu kijana haingii chumba cha mama mkwe wake. Kitanda chake hakioni, hata kikianikwa jua anapita mbali. Sasa wewe unataka nimkalishe uvunguni?"

"Lakini kuna dari katikati, mzee! Zege hilo!"

"Uvungu ni uvungu. Tushuke."

Wakashuka. Dafrosa alisikia vishindo vikija, akatazama kushoto, ukuta, kulia, ukuta, akajitupa stoo na kufunga mlango, akabaki gizani amekumbatia gunia la mahindi. Shambani kwao Ugalla mama mkwe alikuwa na njia ya nyuma, na kichaka, na nyumba ya jirani. Hapa alikuwa na gunia.

"Hapa pazuri," Kasimiri alisema. "Tunaweza kuzungumza hapahapa jikoni."

Dafrosa alikuwa na hakika Maximilian anahesabu dari.

"Mkwe wangu," akasema mwishowe, "hapa si chini ya sebule?"

"Ndiyo."

"Na sebule si chini ya kitanda?"

"...Ndiyo."

"Basi hapa ni uvungu wa uvungu. Nyumba yote hii ni uvungu!"

Wakatoka nje. Nje kulikuwa na kibaraza cha upana wa mkeka mmoja, na kila mlango wa jirani ulikuwa na mtu aliyejifanya anachambua mchele. Maximilian akasema hakutoka Usevya kuja kuchumbia barabarani kama anayesimamisha bodaboda. Dafrosa, sikio likiwa mlangoni, alisikia neno alilokuwa akiliogopa: "Melki, niletee kofia yangu."

"Ngojeni!" Scolastica alikuwa ameshuka mbio kutoka chumbani kwake, viatu mkononi. "Ngojeni, mzee. Na kitanda kikiondolewa?"

Maximilian akawaza. "Kikishushwa kikawekwa huku chini kabisa, mimi nina neno gani? Nitakuwa juu yake. Kukaa juu si kukaa chini."

"Kishushwe? Kitanda cha mninga?" Kasimiri alilalamika.

Dafrosa alishindwa kuvumilia. "Baba Deo!" alifoka kutoka stoo, kupitia mlango uliofungwa. "Shusha hicho kitanda au shuka wewe ukaishi na tembo wako!"

Kasimiri na Scolastica wakapanda juu kukisukuma. Wageni waligeukia barabara kwa heshima, Dafrosa akachomoka stoo na kukimbilia sebuleni ili akipokee kwa chini. Kilitoka chumbani vizuri. Kikaingia kwenye ngazi vizuri. Kilipofika kwenye kona kikasema kwaa! na hapo kikakaa. Mguu mmoja uliingia katikati ya vyuma vya ngazi, mwingine ukachimba ukuta, na kitanda chote kikaziba njia kama ng'ombe aliyelala darajani.

"Sukuma!" alisema Dafrosa.

"Nasukuma! Vuta!"

"Kwani kilipandaje hiki?"

"Hakikupandia ngazi," Kasimiri alisema kwa sauti ndogo. "Tulikivuta kwa kamba, kikapitia roshani."

"Basi kirudishe roshani!"

"Roshani Deo ameshaweka nondo, mama Deo. Za wezi."

"Wezi gani wanaopanda huko, baba Deo? Mimi mwenye nyumba nashindwa!"

Akakisukuma juu kwa hasira, na hilo ndilo kosa. Kitanda kikateleza kidogo, kikamlalia begani. Hakuweza kwenda mbele wala nyuma. Akapiga ukelele ambao majirani wa pande zote mbili waliuitikia, na ukelele huo ukawapandisha wageni sebuleni mbio, Melkiadi mbele, mzee nyuma, anahema kama trekta.

Wakakutana uso kwa uso. Mama mkwe, khanga imedondoka, kilemba upande. Na mbele ya macho ya kijana, umening'inia mzima, uvungu wa kitanda chake, na vumbi lake lote.

Melkiadi akageuka kutazama ukuta.

"Usiangalie!" Maximilian alimwamuru, naye akatazama ukuta wa pili. Wakasimama hivyo, wanaume wawili wenye heshima zao, huku kitanda kikiteleza tena.

"Wewe Melki!" Dafrosa alipasuka. "Unataka nife kwa adabu? Shika mguu huo!"

Kijana akamtazama baba yake mkubwa. Kisha akaruka, akaudaka mguu wa kitanda kwa mikono miwili.

"Melki! Unajua umeshika nini?"

"Baba mkubwa, nikiachia kitamwangukia."

"Basi usiachie, mjinga wewe!" Na Maximilian mwenyewe akaja, koti na yote, akaweka bega. Dafrosa akachomoka chini ya kitanda, akakaa kwenye ngazi anajishika mkono. Hakujifunika tena. Ajifunike nini, na kila kitu kimeshaonekana?

"Imeharibika," Maximilian alisema kutoka chini ya kitanda. "Imeshaharibika. Tukimaliza hapa tunaondoka. Nitawaambia nini watu wa Usevya?"

"Waambie umeona nyumba ya kisasa!" Dafrosa alisema. "Waambie haina nyoka, haina mbuzi, haina tope. Na mama mkwe naye hana pa kujificha. Nyie wanaume mnakaa juu mnahesabu tembo, sisi tunapanda na ndoo. Huyu kijana amenishikia kitanda kisiniue. Wangapi wa kwenu walifanya hivyo kwa mama wakwe zao?"

Maximilian aliguna. Alikuwa na bega kazini.

"Scola!" Dafrosa aliita. "Njoo hapa uwajibu wageni."

"Nitapitaje, mama? Kitanda kimeziba!"

"Pita chini yake."

Likasikika gauni likipasuka, halafu kikohozi. Kisha Scolastica akatokeza kutoka uvungu wa kitanda cha mama yake, anatambaa kwa magoti mbele ya baba mkwe mtarajiwa, nywele alizosukwa kwa siku hiyo zimejaa vumbi na utando wa buibui. Melkiadi akasahau kutazama ukuta. Alitabasamu kama mtu aliyefunguliwa dirisha.

"Baba Deo, uliza!" Dafrosa alisema.

"Niulizie wapi? Siwaoni!"

"Uliza hukohuko! Mdomo wako tunaufahamu."

Kasimiri akakohoa kule juu, akajaribu kuweka sauti ya baba wa binti, ingawa ilipitia kwenye mbao za kitanda. "Scolastica mwanangu. Kuna wageni hapo. Unawafahamu?"

"Nawafahamu, baba."

"Tuwapokee au waende zao?"

"Wapokee," Scolastica alisema. Akafuta vumbi machoni, akamgeukia Maximilian. "Kama na wao bado wanatutaka."

Jasho lilimtiririka Maximilian mpaka kwenye kola.

"Binti sina ubaya naye," akasema hatimaye. "Anayetambaa hivi mbele za watu hana kiburi. Na kilichoonekana leo kimeonekana kwa ajali; ajali inasameheka. Lakini, mama, mimi nafikiria kesho. Kijana atakuja kuwasalimu. Atakuja na watoto. Kitanda kitarudi juu, uvungu utarudi, naye atakaa wapi? Niambieni atakaa wapi, mimi nitoe mkono."

Dafrosa akakitazama kitanda. Miguu minne mirefu ya mninga, iliyochongwa kwa shoka na majigambo, iliyoinua godoro mpaka akawa anahitaji kigoda kulipanda. Magoti yake yalikikumbuka kigoda hicho vizuri sana.

"Scola," alisema, "stoo, nyuma ya gunia la mahindi, kuna msumeno wa baba yako."

"Msumeno wa nini?" Kasimiri alipaza sauti. "Mama Deo! Msumeno wa nini?"

"Miguu ndiyo iliyokwama, baba Deo. Na miguu ndiyo inayoleta uvungu. Inakatwa."

"Huo ni mninga wa Ugalla! Nililala porini kwa ajili ya mti huo! Simba alikuja akaniona nachonga, akakaa pembeni akanisubiri nimalize!"

"Mwite basi aje akusaidie kulia."

Scolastica alirudi na msumeno, akamkabidhi Melkiadi, kisha akashika kitanda mahali pake. Kijana alisimama nao mkononi, akamtazama mama mkwe, akamtazama baba mkubwa.

"Nikate mmoja au miwili, mama? Miwili inatosha kukifungua."

"Yote minne," alisema Dafrosa. "Godoro lilale sakafuni kabisa. Nataka nimwone mtu atakayeniambia tena nani yuko uvunguni kwangu."

Maximilian alifikiri, midomo ikicheza, kama anayepitia taratibu zote za Usevya kutafuta ilipoandikwa habari ya kitanda kisicho na uvungu. Haikuandikwa popote. Akavuta pumzi, akasogeza bega, akauinamisha mguu uliokuwa karibu naye ili msumeno upate nafasi.

"Anza na huu," alisema. "Ndio ulionichoma."