Pete Nne za Kabati

Barua ilisema siku saba. Nyumba za yadi ya idara ya barabara ni za wafanyakazi walioko kazini, mimi nimeshastaafu, kwa hiyo nipishe. Ilikuwa na mihuri miwili, kana kwamba mmoja usingetosha kumtoa mzee mmoja na kabati lake. Miaka ishirini na sita nimeziba mashimo ya barabara za hawa watu kwa beleshi, na barua ya ahsante sijawahi kuiona. Ya kunifukuza haikuchelewa hata siku.

Vitu vingine sikuvijali. Kitanda, viti, sufuria, hivyo hata vikifika vimevunjika vimefika. Shida ilikuwa kabati la mke wangu. Ni la mbao nzito, milango miwili, kioo kirefu kwenye mlango wa kulia. Ndani nguo zake zilikuwa zinaning'inia vilevile alivyoziacha, mwaka mmoja na miezi minne sasa, tangu siku ile tulipofika hospitali tukaambiwa daktari yuko semina. Sikuzitoa. Kila asubuhi nilikuwa nafungua mlango kidogo tu, upana wa kiganja, naingiza pua, nafunga. Harufu yake bado ilikuwamo: sabuni ya mche, mafuta ya nywele, na kitu kingine kisichouzwa dukani. Karibuni nilianza kufungua Jumapili peke yake, maana niliona inapungua.

Kwa hiyo kabati lilitakiwa lisafiri limesimama, limejaa, limefungwa.

Pikapu yangu haikuwa na pa kufungia kamba. Ndoano zilizokuja na gari zilikuwa zimeliwa na kutu zamani. Nikatafuta pete nne za chuma, zile nene, kila moja na kibao chake cha bolti mbili, nikaamua kuzifunga kwenye sakafu ya bodi, kila kona moja.

Pete kama hiyo haifungwi kwenye bati tupu. Bati la sakafu ni jembamba, ukivuta kamba kwa nguvu bolti inatoka na kipande chake. Unatoboa mpaka chini, huko chini unaweka chuma bapa, ndipo unaweka nati. Na hapo ndipo wanapotakiwa watu wawili. Mmoja juu anakaza bolti, mwingine yuko chini ya gari ameshika nati kwa spana isizunguke.

Tangu tuwe na hiyo pikapu, wa chini alikuwa mke wangu. Alikuwa anatandika gunia, anaingia chali na spana namba kumi na saba mkononi, na akishaingia hanyamazi. Habari zote za mtaa nilizipata kupitia bati. Nani kaachwa, nani karudiwa, mke wa karani kanunua viatu vinavyombana lakini atakufa navyo. Nikigonga mara moja ashike, nikigonga mara mbili aachie. Kuna siku nilikuwa nimeshamaliza kukaza na sigongi, namsubiri amalizie hadithi.

Siku ya sita nikatoboa matundu manane, nikapaka kingo zake rangi yasishike kutu, nikatumbukiza bolti. Nikaanza kukaza. Bolti ikazunguka na nati yake. Nikashuka, nikaingia chini, nikaibana nati kwa plaizi na kuikaza plaizi kwa kipande cha mti. Nikapanda. Bolti ikazunguka, mti ukaruka, plaizi ikaanguka. Nikashuka tena. Nilipanda na kushuka mpaka magoti yakagoma, nikakaa juu ya tairi la akiba, nikawatukana wakubwa wote mmoja mmoja kuanzia aliyegonga muhuri wa kwanza.

"Unamtukana nani, shemeji, na uwanja mzima uko peke yako?"

Alikuwa mdogo wa marehemu mke wangu, kaja kunisaidia kufungasha. Mdomo wake ni wa dada yake, ila huu umenolewa.

"Nawatukana wakubwa."

"Wakubwa ndio waliokataa kukushikia nati?"

"Wangeniacha kwenye nyumba yangu, hiyo nati ningeishika ya nini?"

Akavua viatu. "Lete spana. Na ukinimwagia kutu machoni utanioa wewe, maana mume wangu hakuchukua chongo."

Akaingia. Nikagonga mara moja.

"Nani anabisha hodi?"

"Maana yake shika."

"Si useme shika! Mdomo wa kutukana unao, wa kusema shika huna?"

Nikasema shika. Tukakaza zote nane, na kazi aliifanya vizuri, sina la kusema. Lakini alikuwa kimya. Bolti ya tano nikajikuta nimesimamisha mkono, nasikiliza.

"Mbona husemi kitu?"

"Niseme nini na mdomo umejaa vumbi? Kaza, mgongo unaniuma."

Nikakaza.

Alipotoka akajipangusa, akaingia ndani, akarudi na mabegi mawili matupu. "Nguo za dada nizipange humu, kabati liwe jepesi."

"Hazitoki."

"Shemeji, kabati lenyewe tu ni mzigo wa wanaume wanne."

"Nimesema hazitoki. Na usilifungue."

Nadhani alielewa, maana mabegi aliyaweka chini polepole, kama mtu anayeweka mtoto aliyelala. "Haya. Basi ukifunga, pitisha kamba moja mbele, kwenye milango."

"Ikwaruze kioo? Kitasa kipo. Nimefunga mizigo mimi hujajua kuvaa viatu."

Kesho yake wanaume wanne wa yadi walilipandisha, mgongo wake ukiegemea kabini, milango ikitazama nyuma. Nikavuta kamba kutoka kwenye pete, nikazipitisha ubavuni na juu, milangoni nikaachia kitasa. Nilipolisukuma kabati, gari zima lilitikisika nalo. Pete zilikuwa kama zimezaliwa pale. Nikasema moyoni, mama, hapa huanguki.

Barabara ya kwenda chumba changu kipya naijua shimo kwa shimo. Lile kubwa la baada ya daraja nililiripoti mwenyewe mara tatu, nikajibiwa bajeti bado. Nilijitahidi kulikwepa, tairi la nyuma likaingia. Gari likadunda.

Shemeji, aliyekaa kando yangu kabini, alikuwa anatazama kioo cha pembeni. "Simama! Milango!"

Kabati halikuwa limesogea hata unywele. Milango ilikuwa wazi yote miwili, inapiga huku na huku, na vumbi lote linaloinuka nyuma ya gari lilikuwa limeingia ndani. Ilifunguka tangu lini, sijui. Nguo zilikuwa zimebadilika rangi, zote zimekuwa rangi ya njia. Gauni la kijani lilikuwa limelala barabarani huko nyuma, shemeji akalikimbilia.

Nikapanda. Nikaingiza kichwa katikati ya nguo, nikavuta pumzi. Vumbi. Moshi wa dizeli. Nikasogea kwenye kona, kwa masweta, nikavuta tena mpaka nikakohoa. Hakuna kitu.

Shemeji alirudi na gauni mkononi, analikung'uta.

"Niliripoti lile shimo mara tatu," nikamwambia.

"Najua."

"Wangekuwa watu, wangeziba. Barabara ni yao."

"Ni yao."

Lori likatupita, likatumwagia vumbi jingine. Nikangoja litulie.

"Kamba nilifunga mimi," nikasema.

Angetaka kunisema angenisema, na nilikuwa nimempa nafasi. Badala yake akapanda bodini, akakaa kando yangu.

"Nizitoe sasa?"

"Zitoe."

Mimi nikawa nazishusha kwenye hanga, yeye anakung'uta na kukunja. Nilikuwa sijazigusa tangu mke wangu alipozitundika mwenyewe. Zilikuwa nyepesi kuliko nilivyodhani. Nilipofika kwenye gauni moja la maua madogo, shemeji akaligeuza akatazama mishono.

"Hili alilishona lini?"

"Sijui. Alinionyesha, nikasema zuri bila kuinua kichwa."

Akalikunja. Lile la kijani nilimwomba anipe nilikunje mwenyewe.