Sifuri Yangu na Sifuri ya Parfait

Wivu ninao, sikatai. Tangu tukiwa kwenye kambi ya wakimbizi Tanzania, mke wangu Lucia akisalimiwa na mwanamume mara mbili, mimi chakula hakipiti. Tuliporudi nyumbani Butihinda, kule Muyinga, nilidhani nimepona. Kisha tukapata kazi Gitega, kwenye kiwanda kidogo cha mvinyo wa ndizi: yeye kuosha mapipa chini, mimi fundi juu. Na huko chini ndiko alikopelekwa baadaye fundi mgeni, Parfait.

Chumba cha mapipa si cha mchezo. Ndizi zikichacha zinatoa gesi ya kaboni, na gesi hiyo nzito, inalala sakafuni. Huioni, inamlaza mtu kimyakimya. Ndiyo maana ukutani, usawa wa goti, kimefungwa kipimo: gesi ikizidi, kinalia, watu wanatoka. Kila miezi sita lazima kirekebishwe, na miaka minne nilikirekebisha mimi. Nafungua mlango wa juu, naacha upepo uingie robo saa, nabonyeza kitufe cha sifuri, kwisha! Mitungi ya gesi ya kupimia inaletwa kwa taabu kutoka Bujumbura, na mkuu wetu, shefu Leonardi, alinisifu kwa kutoigusa.

Mwaka huu akaletwa Parfait, Mkongomani wa Uvira, mwenye cheti, mwenye meno meupe. Kipimo akapewa yeye. Siku ya kwanza tu akafungua mitungi yangu!

Tangu hapo kipimo hakikunyamaza. Asubuhi kinalia, mchana kinalia. Kila kikilia, Lucia anatoka na ndoo yake, Parfait naye huyo, wanasimama uani kungoja feni zisafishe hewa. Wanacheka! Mimi niko dirishani juu, roho inaniuma, bisibisi imenishinda mkononi. Fundi gani huyu, mashine yake inalia kama mtoto mchanga?

Mbaya zaidi, Lucia akanawiri. Mwanamke aliyekuwa akirudi kila jioni amejifunga kitambaa kichwani kwa maumivu, niliyempeleka mara tatu Butihinda kuombewa, sasa anasonga ugali huku anaimba. Nikamwuliza, kichwa vipi?

"Kimepona tangu kaka Parfait aje," akasema, akacheka. "Si wanasema mgeni njoo, mwenyeji apone?"

Mwenyeji apone! Niliisukuma sahani.

Kesho yake nikaingia ofisini kwa shefu bila kubisha hodi. "Kikulacho ki nguoni mwako, shefu. Huyu Parfait anakichokonoa kipimo kilie, apate kusimama na mke wangu. Njoo tukipime mbele yako, aumbuke."

Tukashuka. Parfait hata hakukasirika.

"Mi sina neno, mukubwa. Hii mutungi iko na gesi ya mbili kwa mia. Tuone kipimo itasema nini."

Akachomeka mpira wa mtungi kwenye kipimo. Kikasoma mbili, kikalia.

"Sasa kirekebishe kwa njia yako, Ignasi," shefu akasema.

Kwa mbwembwe zote nikafungua mlango wa juu, nikangoja robo saa, nikabonyeza sifuri. Parfait akachomeka mpira uleule, gesi ileile. Kikasoma moja nukta mbili. Hakikulia.

"Upepo iko inapita kule juu," Parfait akasema polepole, kama anaona aibu kwa ajili yangu. "Gesi iko inabaki huku chini. We ulikuwa unaambia kipimo hii hewa mubaya ndiyo sifuri."

"Umefanya hivi kwa muda gani?" shefu akauliza.

"Miaka minne," nikasema.

Nilipogeuka nikamwona Lucia kwenye ngazi, na ndoo yake. Amesikia kila kitu.

"Kwa hiyo kichwa changu," akasema, "miaka minne yote, ni wewe."

"Mke wangu, haki ya Mungu sikujua."

Akaweka ndoo chini, akanipita, akamnyooshea Parfait mkono apokee mpira.

"Nifundishe mimi, kaka. Anayeshinda humu chini ni mimi."

Parfait akanitazama, kama mtu anayeomba ruhusa kwa mwenye mke.

"Usimtazame yeye," Lucia akasema.