Bei Aliyoitaja Mume Wangu kwa Utani

Wazazi wenzangu, dalali akikukuta barazani akakuuliza nyumba yako ungeiuza bei gani, usimtajie bei. Hata kwa utani. Sisi tulimtajia, na sasa mjukuu wangu namwona Jumapili kwa Jumapili.

Dalali wa mtaa wetu tunamwita Redio. Kila mwanzo wa mwezi hutuma sauti kwenye kundi la simu la mtaa: wapi nyumba zimepanda, wapi zimeshuka, wapi zimelala bila mteja. Mji wenyewe si mkubwa wala si mdogo, kwa hiyo watu humsikiliza kama wanavyosikiliza habari za mvua.

Binti yangu ni nesi wa zamu za usiku, na ana mtoto mchanga. Jirani yetu, fundi cherehani, mjane, alikuwa anahamia kwa mwanawe, akakubali kumuuzia binti yangu kinyumba chake cha vyumba viwili, ukuta kwa ukuta na sisi. Walishapatana kwa mdomo, wakisubiri mkopo wa kazini utoke. Mimi nilishasogeza kabati chumbani kwetu ili kitanda cha mtoto kipate pa kukaa usiku wa zamu.

Siku hiyo Redio akapita, akamkuta mume wangu anakwangua rangi ya dirisha.

"Mzee, hii ukiuza unataka ngapi?"

Mume wangu hajui kujibu swali bila kuchekesha. Akamtajia bei ya ghorofa. "Na nikishalipwa nakuajiri wewe, uwe unanipepea."

Tukacheka wote. Redio alipoondoka, nikamgeukia mume wangu. "Baba watoto, yule hasahau."

"Mke wangu, wewe ukikosa cha kuogopa, unaogopa kukikosa."

Mwanzo wa mwezi Redio akanguruma: "Mtaa wetu umepaa! Kuna mwenye nyumba kashikilia bei ya ghorofa na hashuki!"

Jioni hiyohiyo fundi akaja, tepu ya kupimia ingali shingoni. Kiti alikikataa. "Mama Nesi, nisamehe. Nyumba ndiyo uzee wangu. Siwezi kuitupa wakati mtaa unapaa. Binti aongeze, au mimi ningoje."

Mume wangu akaruka. "Shemeji, bei ile ni yangu! Nilikuwa namtania yule!"

Fundi akamtazama kwa huruma kidogo. "Shemeji, bei imepanda, wewe unakuja kuishusha, na mnunuzi ni mwanao. Ungekuwa mimi ungeamini?"

Ukweli wetu ulikuwa umevaa sura ya ujanja, na sikuona namna ya kuuvua.

Tukamwita Redio asahihishe. "Mama, mimi natangaza ninachoambiwa," akasema. "Kama yupo aliyenunua kwa bei hiyo, sijui. Ila aliyeshusha bei naye simjui."

Mwezi uliofuata jirani mwenye geti la bluu akapandisha bei ya nyumba yake kwa sababu Redio kasema, na Redio akatangaza kwamba geti la bluu limepanda. Mtaa mzima ukawa ghali hivyohivyo, wala hakuna aliyehama kwa kuuza wala aliyehamia kwa kununua.

Mkopo una muda wake. Binti akanunua ng'ambo ya pili ya mji. Usiku akiwa kazini, mtoto analala na msichana tusiyemjua vizuri, nami nalala na simu kifuani. Fundi alishakwenda kwa mwanawe. Kinyumba kimefungwa, majani yamefika dirishani, na bado kinangoja mteja wa bei ya mume wangu.

Redio akaja tena. Safari hii nikamwahi mimi: "Haiuzwi!" Nikaona nimeweza. Mwanzo wa mwezi akatangaza: "Wenye nyumba wanakataa kuuza! Nyumba zimeadimika! Bei juu!"

Basi siku hizi akipita tunampa kiti na maji. Akigusia nyumba, tunamuuliza watoto wake hawajambo. Mume wangu, mcheshi yule, anaangalia vidole vya miguu yake mpaka mgeni aage. Nanyi fanyeni hivyo, hasa kama mna mtoto anayetafuta nyumba karibu yenu.