Kidonge Ndani ya Uji

"Mama, kuna dawa zozote unazotumia?" daktari wa mifupa aliuliza.

"Nilikuwa na vidonge vya kuzuia damu kuganda, kwa ajili ya moyo. Nikaviacha, na sikufa." Bibi alikunja uso kwa maumivu. Asubuhi hiyo alikuwa ameteleza bafuni akavunjika nyonga, na mguu wa kushoto ukawa mfupi kuliko mwenzake. "Muulize mzee wangu. Tangu niviache nina nguvu kama punda."

"Punda gani analala chali, mama?" binti yao akamtania.

"Aliyepigwa teke na ndoo."

Daktari alicheka. Akasema kama ni hivyo, kesho asubuhi watamchoma ganzi ya mgongoni na kumtengeneza nyonga. Mtu mzima hafai kulazwa muda mrefu akisubiri. Mapafu huanza kujaa.

Mumewe, fundi makufuli, alisimama miguuni pa kitanda. Bibi alipovikataa vidonge kwa sababu fizi zilimtoka damu kila akipiga mswaki, walizozana mpaka wakachoka. Fundi hakuwahi kushindwa na kufuli, seuze ubishi wa mkewe. Akaanza kudamka, kupika uji mwenyewe, kusaga kidonge kwa mgongo wa kijiko na kukikorogea humo kwa siri. Majirani wakamsifu: mume wa namna hiyo anapatikana wapi? Bibi akatamba kwamba ndoa yake imekolea uzeeni. Hata asubuhi ya leo alikunywa bakuli zima, ndipo akaenda kuoga.

Fundi alimkimbilia daktari kwenye ujia, akamweleza yote.

"Leo pia?"

"Leo pia."

Daktari akaegemea ukuta. "Mzee wangu, tukimchoma mgongoni, damu inaweza kuvujia kwenye uti. Tukimpasua, huenda tusiweze kuizuia."

"Mpeni dawa ya kukiondoa hicho kidonge."

"Hapa hatuna. Kidonge kitatolewa na figo, na figo zake zimechoka. Tusubiri."

"Si umesema kusubiri ni hatari?"

"Nimesema. Na ni hatari."

"Basi usimwambie, mwanangu. Sema mashine imeharibika."

"Mwili ni wake, baba. Utamwambia wewe, au nimwambie mimi?"

Fundi alimwambia mwenyewe. Bibi alisikiliza akitazama dari.

"Kila siku?"

"Kila siku."

"Hata siku ile nilipokusifu mbele ya dada zako?"

"Hata siku ile. Niliogopa utapata kiharusi, mke wangu."

Bibi alitaka kumpa mgongo, lakini nyonga ikakataa. Akageuza uso tu.

Kuanzia hapo hakupokea kitu mkononi mwa mumewe, hata maji. Binti ndiye aliyemlisha. Kesho yake wagonjwa wengine walipita kuelekea chumba cha upasuaji, yeye akabaki. Fundi alimwona akiuma shuka kila wauguzi walipomgeuza. Aliomba kazi yoyote. Muuguzi akamwambia, "Kaa tu, babu." Kukaa huko ndiko kulikomchosha.

Usiku ukapita, kikohozi kikaanza. Kwanza kidogo, kama mtu anayesafisha koo. Halafu kikawa cha ndani, chenye mkoromo, na homa juu yake. Daktari aliweka chombo chake kifuani, akasikiliza kwa muda mrefu.

"Damu sasa inaturuhusu," alisema. "Kifua ndicho kimeharibika. Tunampeleka hivyo hivyo. Tukingoja kipone, tutampoteza."

"Atapona?"

Daktari akamshika bega.

Walipokuja na kitanda cha magurudumu, fundi alishika ukingo wake asaidie kusukuma. Kilikwenda upande.

"Achia, mzee, tutagonga mlango," mhudumu akasema.

Akaachia. Bibi alikuwa akihema kwa shida, macho nusu wazi. Akamwita binti yao kwa kidole, akamnong'oneza, na kitanda kikaingia ndani.

"Amesema nini?" fundi aliuliza.

Binti alikuwa akijifuta machozi kwa kiganja. "Amesema akitoka, uji nipike mimi."

"Mimi je?"

"Hakukutaja, baba."

Mlango ulikuwa umekwisha kufungwa. Fundi aliutazama, mikono inaning'inia.