Bata wa Kuchorwa

Kipara aliambiwa amtazame bata. Bata gani? Palikuwa na mpira mwekundu juu ya kijiti, usawa wa goti lake. Bata mwenyewe angechorwa baadaye kwa kompyuta. Mwongozaji wa filamu ya kuchekesha aliyokuwa akiigiza alikuwa akibweka tangu asubuhi: "Macho kwenye mpira! Ukiyainua tu, umetuharibia!"

Hilo lingekuwa dogo. Lakini aliyesimama nyuma ya kijiti, mrefu kama mlingoti, akimsemea bata, alikuwa kaka yake mkubwa. Walikuwa hawasemezani tangu wamzike mama yao. Kutwa nzima Kipara aliukodolea mpira ule macho kama anataka kuutoboa.

Ikafika zamu ya bata kuomba radhi kwa kosa la kuchana kochi. Alitakiwa aseme, "Nimekosa, mzee."

Kaka mtu akakohoa. Sauti ya bata ikamkauka, akabaki na yake.

"Nimekosa, mdogo wangu."

Macho ya Kipara yakaacha mpira, yakapanda taratibu mpaka usoni kwa kaka yake.

Mpiga picha akamgeukia mwongozaji, akingoja matusi.

"Usizime," mwongozaji akanong'ona. "Bata tutamrefusha."