Ahadi Hewa

Fundi wa vitasa alikuwa amepiga magoti mbele ya mlango wa baba yake. Baba yake, aliyemfundisha kazi hiyo, alikuwa ndani, amefungiwa na kitasa alichokipachika kwa mikono yake mwenyewe. Mzee alisema ufunguo hauonekani. Dirisha lina nondo. Mwenyewe hakuwa na wasiwasi, alikuwa amevuta kiti hadi mlangoni, anakohoa na kumkosoa binti yake.

Kaka mtu angefika saa kumi. Huyo kaka ni mwema lakini kichwa chake kigumu, na tangu mzee aliposahau sufuria motoni, hana wimbo mwingine ila kumhamishia kwake ghorofani, mahali ambapo hakuna hata meza ya kufanyia kazi kwa tupa. Akimkuta baba amefungiwa, mjadala umekwisha. Mzee alishasema kwamba kumtoa kwenye vyuma vyake ni kumzika angali hai, na binti alimwamini.

Kutoboa hakukuwezekana. Kile kitasa kilikuwa cha wenye mali: kina chuma kigumu kinachomaliza keekee, kina pini kumi zinazozuia silinda isizunguke, na nusu ya pini hizo zina kiuno cha nyigu, nyembamba katikati. Hizo za kiuno ndizo waongo wakubwa. Unakaza silinda kwa mkono mmoja, unasukuma pini kwa sindano, mara silinda inasogea kidogo na wewe unaanza kutabasamu kwa kudhani umemaliza. Kumbe kilichonasa ni kiuno tu. Mzee aliipa hali hiyo jina lake, ahadi hewa, na nyumba nzima ililitumia hata kwa mambo ya wanasiasa na wachumba. Dawa yake ni kulegeza mkono na kukirudishia kitasa sehemu ya ulichokwisha kupata. Ukizidisha kulegeza, pini zote zinaanguka na unaanza moja.

Alikuwa ameshaanza moja mara nne. Magoti yalimuuma, jasho lilimwingia machoni, na hasira alizorithi kwa baba huyohuyo zilikuwa zimempanda. Mara silinda ikasogea. Akakaza.

"Ahadi hewa hiyo, mama," sauti ikatoka ndani. "Legeza. Ya nne ndiyo inayokudanganya."

Hakumuuliza amejuaje, na mlango uko kati yao. Alilegeza kidogo, kidogo tena. Pini ya nne ikashuka, akaipandisha kama anayembembeleza mtoto anywe dawa, kikasikika kimlio ambacho watu wengine wasingekisikia hata kwa kuambiwa. Wote wawili wakasema "naam" kwa pamoja. Kitasa kikazunguka.

Mzee alikuwa kwenye kiti, ufunguo kiganjani. Ulikuwa ule wenye vishimo badala ya meno, haufanani na mwingine wowote kati ya mamia yaliyotundikwa ukutani.

Binti alikaa chini palepale sakafuni. Alimpenda sana mzee huyu, na kwa mara ya kwanza alimwogopea.

"Nimeushika tangu asubuhi," mzee akasema. "Nilijua ni ufunguo. Ni wa wapi, ndiyo ikanipotea."

Binti akaanza kusema kwamba kaka hana haja ya kujua. Mzee akatikisa kichwa.

"Mwambie. Usimfiche kaka yako. Ila mwambie pia kwamba ya nne niliisikia mimi."

Kaka alifika saa kumi kasoro, akamkuta dada yake anafungua skrubu za kitasa na baba akimwelekeza. Dada akamweleza yote mawili, akianza na la pini. Kaka aliegemea ukuta, kisha akauliza kama mle chumbani mnaweza kuingia kitanda cha pili, maana hakuna sababu ya mzee kuhama ikiwa yeye na dada yake wanaweza kulala kwake kwa zamu.