Mtama Usiotiwa Moshi

Tulikwisha kuuacha mji wa Masasi nyuma, majabali yake yanaanza kuonekana madogo, ndipo Silvesta alipogundua mkewe amebeba nini. Sisi wengine tulibeba unga, majembe, vyungu, kuku. Getrude, mtoto mgongoni, alikuwa na kapu kichwani lililofunikwa kitambaa cheupe cha kanisani, na ndani yake mashuke ya mtama wa malimbuko.

Niseme mtama huo ulikuwa nini. Kila mavuno Wakristo wa pale walipeleka kanisani mashuke yaliyo bora, kabla hawajaonja wenyewe. Sehemu waligawiwa wajane na wagonjwa, sehemu iliwekwa iwe mbegu ya shamba la kanisa. Getrude ndiye aliyekuwa akifagia mle ndani. Wapiganaji wa Majimaji waliposemekana wamekaribia, padre aliondoka na wenzake kuelekea pwani, akamwambia mtama uliobaki ni mali ya Mungu, autunze.

"Unga wetu uko wapi, Mama Dastani?" Silvesta akauliza.

"Nimeuacha. Kichwa ninacho kimoja."

"Mungu ana malaika wa kumbebea mizigo. Dastani anaye nani?"

Getrude akalisawazisha kapu kichwani, akaendelea kutembea. Mimi nilikuwa mpagazi, nimeshaona watu wakikimbia na vitu vya kila namna.

Tukapanda Newala. Huko nilikuwa nafahamiana tangu zamani na mjane mmoja Mwislamu, Mwanakombo, mama wa mtoto Hamidu, ambaye nilikuwa nikilala kwake katika safari za chumvi. Tulimwamkia, akaitikia, akatupa kibanda cha jikoni bila maneno mengi. Alipoona lile kapu akamwambia Getrude aliweke kwenye uchaga wa juu ya moto, kama mbegu zote zinavyowekwa zipate moshi. Getrude akakataa. Kitu cha Mungu, alisema, hakiwezi kukaa juu ya sufuria ya mboga kikiingia masizi. Akakifunga vizuri kile kitambaa, akaliweka kapu pembeni, mahali pakavu na safi.

Vita vikaja hadi kule. Silvesta aliteremka bondeni kuteka maji, maana juu ya uwanda ule maji hayapo, akakutana na askari wa Wadachi, wakamtwika mzigo wakaenda naye. Siku chache baadaye askari wengine walipanda, wakachoma maghala ya majirani na la Mwanakombo pia. Kapu la jikoni hawakuliona.

Ikawa njaa. Tulichimba ming'oko, viazi mwitu vya porini, mpaka nayo ikawa haba. Dastani alikonda, akaacha hata kulia. Mwanakombo akauliza mara moja tu kama mtama ule hauliki. Getrude akasema si wake. Watu wakasema ana roho ngumu. Mimi nilimwona akigeuka ukutani kila alipomnyonyesha, kwa kuwa maziwa hayakuwepo.

Mawingu ya kwanza yalipojikusanya, hakuna nyumba pale iliyokuwa na mbegu. Getrude akafungua kapu. Kitambaa kilikuwa cheupe bado. Ndani, fukusi walikuwa wakitembea juu ya vumbi. Akashika shuke, likamwagika mkononi mwake kama majivu.

Mwanakombo alisimama mlangoni.

"Nilikwambia moshini, mwanangu."

"Nilidhani moshi ungeuchafua." Akakaa chini. "Nilipewa kutunza, mimi nikaficha. Mwanangu amelala njaa, na Mungu nimemwekea vumbi."

"Umeharibika wote?"

"Sijui. Labda nusu ni nzima. Iliyo nzima iingie ardhini mvua hii hii, Mama Hamidu. Kwako, na kwa kila mwenye jembe."

"Hata sisi tusiobatizwa?"

"Mwenye mtama ndiye anayewanyeshea na ninyi."

Mwanakombo alitoka, akarudi na mtungi wa maji aliyoyabeba kutoka bondeni alfajiri ile, maji ya nyumba nzima, akayamimina yote kwenye chungu kipana. Wakapukuchua wakatia humo. Punje zilizotobolewa zikaelea, nzima zikazama. Zilizoelea zilitwangwa hivyo hivyo na wadudu wake, Dastani na Hamidu wakanywa uji. Zilizozama zikaanikwa, kisha Getrude akapita nyumba hadi nyumba akigawa kwa konzi. Kwake hakubakiza, alilima kwa Mwanakombo. Alichoomba kwa kila aliyepokea ni mashuke ya kwanza ya mavuno, kabla hawajaonja.

Walileta, Waislamu na Wakristo, hata wazee waliokuwa bado wakimwaga unga kwenye makaburi ya babu zao. Wengine walileta kidogo kuliko walivyoweza, mmoja hakuleta. Mtama ule ulikaa kwenye uchaga wa Mwanakombo mpaka ukawa mweusi kwa masizi, kisha nikambebea Getrude hadi Masasi.

Silvesta alifia njiani kabla ya Lindi. Aliyenieleza ni mpagazi mwenzake. Mwanakombo alifariki Newala, Mwislamu vilevile, na kila mwaka hadi kufa kwake alipeleka mashuke kanisani akikaa nje ya mlango. Hamidu alihamia Tandahimba. Dastani alipona, akawa seremala huko Chidya. Getrude alirudi kufagia kanisa lilipojengwa upya, hakuolewa tena, akafa kwa homa wakati wa vita vya Wadachi na Waingereza. Mimi bado natembea.